Dawa ya kuku katika sahani ya mutoto

Tuseme wewe ni mama wa nyumba katika kampi moja ya Kolwezi. Bwana yako alipoteza kazi, na mulisikilizana kufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, ndani ya lupango. Muko na kuku 30. Kila siku munaokota mayai karibu 20, na ile feza ndiyo inalipa masomo ya watoto.

Asubui moja kuku wanaanza kukohoa. Wawili wanalala, hawataki kula. Jirani yako anakuja na shauri: "Enda tu kwenye duka la dawa za wanyama, uombe ile poda ya manjano, uitie mu mayi yao ya kunywa. Siku tano tu, utaona." Unanunua, unatia, na kweli kuku wanapona. Nyumbani munashukuru.

Lakini katika zile siku tano kuku hawakuacha kutaga. Mayai ni ya kawaida: ganda nzuri, kiini cha manjano, hayana harufu. Unayapanga katika plato, unapeleka kwenye soko. Mama mumoja ananunua matano juu ya mutoto wake aliyetoka hospitali jana.

Ndani ya yale mayai kuko kitu gani? Ndilo ulizo tunalotaka kuchunguza leo, juu ya mayai, maziwa na nyama, na juu ya namna watu wanavyojua kama chakula kimebeba dawa ao hapana.

Macho hayatoshi

Vijana wanaochimba mawe wanajua jambo hili vizuri kuliko wengine. Jiwe la kobalti linaweza kuwa jeusi na kizito, likakudanganya. Ukifika kwenye depo, munununuzi hatazami rangi. Anatwaa mashini ndogo inayofanana na bastola, anaigusisha kwenye mawe, na mashini inasema asilimia. Bila kipimo, kila mutu anasema yake.

Dawa katika chakula ni vile vile, na tena ni kidogo zaidi sana. Kwa penisilini katika maziwa, mupaka uliowekwa na Codex Alimentarius, ile tume ya mataifa juu ya vyakula iliyoanzishwa mwaka wa 1963 na FAO na OMS, ni mikrogramu 4 kwa kilo moja. Hii ni ngapi? Twaa gramu moja ya penisilini, uigawanye katika maziwa ya malori 8 ya tanki, kila lori litre 30,000. Hapo umekaribia ule mupaka. Hakuna ulimi wala pua inayoweza kusikia kitu kidogo namna ile.

Njia ambamo dawa inapita

Ukimupa munyama antibiotiki, ni kusema dawa ya kuua mikrobe, haibakii pale palipo ugonjwa tu. Inaingia katika damu, na damu inaizungusha mwili muzima. Kiisha mwili unaanza kuitosha, kidogo kidogo, zaidi kwa njia ya ini na figo, katika mukojo na mavi. Ni kwa sababu hiyo figo linabeba dawa kuliko nyama. Kwa oksitetrasiklini, Codex inakubali mikrogramu 200 kwa kilo ya nyama, lakini 600 kwa ini na 1,200 kwa figo.

Ngombe anayekamuliwa anatosha sehemu ya dawa katika maziwa. Na kuku? Anaitosha katika yai. Hapa inafaa kujua jambo moja: kiini cha yai hakitengenezwi kwa siku moja. Kinakomaa ndani ya kuku karibu siku 10, tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo dawa uliyompa leo inaweza kujificha katika kiini cha yai litakalotagwa juma ijayo, wakati wewe umekwisha kusahau ile poda.

Lakini mwisho dawa inatoka. Ndiyo habari njema. Kila dawa ya wanyama iliyotengenezwa vizuri ina siku zake za kungojea, zilizoandikwa kwenye karatasi yake: siku ngapi kabla ya kuchinja, siku ngapi kabla ya kutumia maziwa, na kama kuku wa mayai wanaweza kuipokea ao hapana. Siku hizi zinahesabiwa tangu kipimo cha MWISHO cha dawa, si cha kwanza. Kwa sindano nyingine ya penisilini, maziwa yanangojea siku chache tu. Kwa oksitetrasiklini ya kukaa mwilini muda murefu, nyama mara nyingi inangojea karibu siku 28. Dawa mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na siku mbalimbali. Soma ile karatasi, na kama imeandikwa katika luga usiyoijua, omba mwenye duka akusomee mbele hujalipa.

"Lakini nitachemusha!"

Wamama wengi watajibu hivi, na wana haki nusu. Kuchemusha maziwa kunaua mikrobe ya kifua kikuu na ya bruseloze. Usiache kamwe kuchemusha. Lakini dawa si mikrobe. Haina uzima wa kupoteza katika moto. Dawa nyingine zinapunguka kidogo zikipikwa, nyingine karibu hazipunguki, na hakuna chungu kinachoziondoa zote. Mayai ya kuchemusha na mayai ya kukaanga, ni moja.

Hasara yake ni gani? Ziko tatu.

Ya kwanza inaonekana upesi. Kuko watu ambao mwili wao unakataa penisilini. Kwao hata kidogo katika maziwa kinaweza kuleta vipele na kujikuna. Mutu anafikiri ni sabuni ao ni nguo mupya, kumbe ni kikombe cha asubui.

Ya pili inakuja polepole na ndiyo kubwa. Mikrobe zinazokutana na dawa kidogo kidogo, bila kufa, zinajifunza kuishinda. Alexander Fleming, yule munganga aliyevumbua penisilini kule London mwaka wa 1928, alitoa onyo hilo yeye mwenyewe mwezi wa 12 wa mwaka wa 1945 alipopokea zawadi ya Nobel. Wengi hawakumusikia. Katika mwaka wa 2019, kufuatana na hesabu kubwa iliyotangazwa mwaka wa 2022, watu karibu milioni 1 na 270,000 duniani walikufa kwa sababu mikrobe zilishinda dawa, na Afrika ya Mangaribi ndiyo iliyoumia kuliko sehemu zote. Hasara hii haitoki kwa kuku peke yake. Watu wanaomeza vidonge bila munganga, ao wanaoviacha katikati, wanaongeza mingi. Lakini lupango la kuku ni mulango mumoja, na tunaweza kuufunga.

Mufano mumoja. Dawa ya kuku inayoitwa enrofloksasini ni ndugu wa siprofloksasini, ile "sipro" ambayo waganga wetu wanawapa wagonjwa wa tifoide. Tena, ndani ya mwili wa munyama, sehemu ya enrofloksasini inageuka kuwa sipro yenyewe. Serikali ya Marekani iliikataza kwa kuku mwaka wa 2005, kwa sababu mikrobe za kuharisha zinazotoka kwa kuku zilikuwa zinaizoea. Sasa fikiri mutoto wako amelala na tifoide, munganga anaandika sipro, na mikrobe inaicheka. Hiyo ndiyo bei yenyewe ya yai la rahisi.

Hasara ya tatu ni ya dawa zilizokatazwa kabisa. Kloramfenikoli, kwa mutu mumoja katika maelfu mengi, inaweza kusimamisha kazi ya mafuta ya mifupa, fasi damu inapotengenezwa, na mutu anaweza kufa. Hakuna kipimo kinachojulikana kuwa kidogo cha kutosha. Umoja wa Ulaya uliikataza kwa wanyama wa kuliwa mwaka wa 1994. Katika mwaka wa 2002, walipoikuta katika kamba za baharini zilizotoka China, walisimamisha vyakula vya wanyama kutoka inchi ile. Bila laboratwari, nani angejua?

Maziwa yaliyokataa kuganda

Namna gani watu walianza kugundua dawa katika chakula? Si waganga waliolalamika kwanza. Ni watengenezaji wa fromaji.

Katika miaka ya 1940 wafugaji wa Ulaya na Marekani walianza kutumia penisilini juu ya ngombe waliovimba matiti. Ngombe walipona. Lakini nyuma ya siku chache, kwenye nyumba za fromaji, kukawa shida: maziwa yalikataa kuganda. Walitia chachu kama kawaida, wakangojea, na asubui maziwa yalikuwa bado mayi mayi. Sababu gani? Fromaji na yaurti vinatengenezwa na mikrobe nzuri, na penisilini haichagui kati ya nzuri na mbaya. Iliziua zote. Wale wanaotengeneza fromaji ya Masisi wanaelewa hasara hii: ngombe mumoja aliyechomwa sindano anaweza kuharibu maziwa ya tanki nzima, pamoja na ya majirani wasio na kosa.

Toka ile hasara, akili ikazaliwa. Kama mikrobe inakufa mbele ya dawa, basi tutumie mikrobe kama mulinzi!

Ndivyo kinavyofanya kazi kipimo kinachoitwa Delvotest, kilichotoka Uholanzi katika miaka ya 1970. Ni kichupa kidogo. Ndani yake muko kitu kilichogandamana kama uji wa baridi, rangi ya zambarau, na katika ule uji munalala mbegu za mikrobe yenye jina refu, Geobacillus stearothermophilus. Mikrobe hii inapenda moto mukali na inaongopa penisilini sana. Unatia maziwa kidogo, matone machache tu, unaweka kichupa fasi ya moto wa digri 64, unangojea karibu saa 3.

Kama maziwa ni safi, mikrobe inaamuka, inakula, inaongezeka, inatosha uchachu, na ule uchachu unageuza zambarau kuwa manjano. Kama dawa imo, mikrobe haiamuki, na rangi inabaki zambarau. Manjano: pita. Zambarau: simama. Hata mutoto wa masomo ya kwanza anaweza kusoma jibu lile.

Kwa nyama na figo, kuko njia ingine ya zamani. Wanapanda mikrobe katika sahani ya laboratwari, wanaweka kipande kidogo cha nyama katikati, wanaacha usiku muzima. Asubui mikrobe zimefunika sahani yote kama ukungu. Lakini kama nyama imebeba dawa, kandokando yake kunakuwa duara wazi, fasi hakuna mikrobe iliyosubutu kuota. Ni duara lile lile Fleming aliloliona mwaka wa 1928 kandokando ya kuvu katika sahani yake.

Vipimo hivi vya mikrobe vinasema "dawa iko", lakini havisemi ni dawa gani wala ngapi. Kwa kujua jina, wanatumia vikaratasi vinavyoonyesha mistari, kama vile vya kupima malaria. Na kama jambo linaenda mupaka kwenye korti, wanapeleka chakula kwenye mashini kubwa inayotenganisha vitu vyote vilivyomo na kupima uzito wa kila kimoja. Ile haikosei kirahisi, lakini bei yake haiko ya lupango.

Na sisi huku?

Mayai na kuku wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanapita Kasumbalesa, kutoka Zambia. Bidhaa zinazoingia katika inchi, kazi ya kuzichunguza ni ya OCC. Lubumbashi tuko na kitivo cha waganga wa wanyama kwenye universite. Hatuko bila watu wenye elimu. Lakini tuseme ukweli: plato ya mayai inayotoka lupango lako na kuingia lupango la jirani haipiti kwenye laboratwari yoyote.

Kwa maziwa, vijana wa kikundi wanaweza kujaribu jambo hili. Twaeni maziwa munayotaka kupima, na pembeni mutengeneze maziwa ya poda. Chemusheni yote mbili, kila moja katika chombo chake. Yakiisha kupoa mupaka kidole kinaweza kukaa ndani bila kuungua, mutie katika kila chombo kijiko kimoja cha yaurti isiyo na sukari, ya kopo moja. Muyafunike kwa blanketi pamoja, fasi moja. Nyuma ya saa 8, mufungue. Kama ya poda yameganda na yale mengine yamebaki mayi mayi, muyashuku, na mumuulize mwenye ngombe kama alitumia sindano. Lakini mujue mupaka wa kipimo hiki: kinaona zaidi penisilini, tena ikiwa nyingi. Yakiganda, si ushuhuda kwamba hakuna dawa ingine. Na maziwa yaliyotiwa mayi mengi ao yaliyoharibika yanaweza pia kukataa kuganda.

Kwa mayai, hakuna kipimo cha jikoni. Hakuna kabisa. Usidanganywe na wanaotia yai katika mayi kuona kama linaelea: ile inaonyesha yai la zamani, haionyeshi dawa. Kwa mayai, kipimo kinachobaki ni mufugaji mwenyewe.

Daftari la franka chache

Kwa hiyo, kama unafuga, hata kuku 5, ununue daftari. Katika kila mustari uandike: siku, munyama gani, dawa gani, kipimo ngapi, siku ya mwisho ya dawa, na siku ya kuanza tena kuuzisha. Bandika karatasi kwenye mulango wa nyumba ya kuku, ili mutoto anayeokota mayai ajue pia. Mayai ya siku za kungojea yasiuzishwe, yasipewe watoto, yasipewe wafanyakazi "kwa kuwa ni ya bure". Yazikwe.

Pia uulize kwanza ugonjwa ni gani. Kuku wengi wa lupango wanakufa na ugonjwa wa Newcastle. Unatoka kwa virusi, na antibiotiki haina nguvu yoyote juu ya virusi. Unatia poda, unapoteza feza, unapoteza mayai, na kuku wanakufa vile vile. Kinachowakinga ni chanjo. Kuko chanjo ya tone moja katika jicho, inayorudiliwa kila miezi 3 ao 4. Nyumba yenye hewa, maranda makavu, mayi safi, na kuku wageni kutengwa mbele ya kuchanganywa na wengine, hivi vyote vinapunguza siku za poda. Usiwape kuku vidonge vya watu. Usitie dawa katika chakula chao kila siku "ili wanenepe". Umoja wa Ulaya ulimaliza desturi hiyo mwaka wa 2006, na wafugaji wao wanaendelea kufuga.

Nawe unayenunua, uko na haki ya kuuliza: "Mama, wanyama wako walipata dawa mwezi huu? Lini?" Si matusi. Mufugaji mwenye daftari atafurahi kukuonyesha, na wewe urudi kwake kila mara, hata kama anazidisha franka kidogo. Soko linafundishwa na wanunuzi.

Turudilie yule mama

Tulikuacha kwenye soko, na plato mukononi. Sasa unajua. Siku 5 za poda, na tuseme karatasi inadai siku 7 za kungojea. Jumla siku 12, mayai 20 kila siku: mayai 240, ni kusema plato 8. Plato 8 za kuzika katika udongo! Masomo ya watoto yanangojea, na hakuna mutu atakayejua. Hakuna mashini ya bastola juu ya mayai, hakuna kichupa cha zambarau kwenye mulango wa soko.

Hatutakuambia kwamba ni rahisi. Plato 8 ni chakula, ni kalamu, ni viatu. Lakini ungeweza kumutazama yule mama mwenye mutoto wa hospitali na kumwambia kilichomo? Kama huwezi kumwambia, usimuuzishie. Bwana yako alipokuwa chini ya udongo katika mine, uzima wake ulisimama juu ya watu asiowaona: yule aliyefunga muti wa kushikilia, yule aliyechunguza kamba. Walifanya kazi yao bila mutu kuwatazama, na yeye akarudi nyumbani. Sasa ni zamu yako kuwa yule asiyeonekana.

Na mwaka ujao, chanja kuku mapema. Bei ya tone moja la jicho haifiki hata plato moja.

Maulizo ya kuzungumuza katika jamaa na katika kikundi cha vijana

1. Katika nyumba yetu, ni chakula gani cha wanyama tunachokula, na tunajua kinatoka kwa nani?
2. Sababu gani kuchemusha hakutoshi? Muelezee mutu mumoja wa nyumbani asiyesoma habari hii.
3. Mufugaji aliyezika plato 8 amepata hasara. Majirani wanaweza kumusaidia namna gani ili asishindwe mara ya pili?
4. Sisi wenyewe, tunamaliza vidonge ambavyo munganga ametuandikia, ao tunaacha katikati na kumupa mwingine vinavyobaki?